Nusu ya Chini

Leo nazungumza na vijana wanaonyanyua vyuma, lakini wazee na akina mama msiondoke, maana zamu yenu ipo, na huenda ndiyo kubwa zaidi.

Ukipita kwetu Ganda majira ya jioni, jua likishapunguza makali na watu wanarudi kutoka Malindi mjini, hukosi kusikia mlio wa chuma nyuma ya nyumba fulani. Jimu zetu za huku hazina vioo wala kapeti. Ni kiwanja kilichofagiliwa chini ya mwembe au mkorosho, benchi la mbao, na bomba la chuma lililozamishwa katika mkebe wa zege kila upande. Wako wanaozidharau. Mimi naziheshimu sana. Zege ni kitu kizito: lita moja ya zege lililoshikana vizuri ina kilo 2.4 hivi. Mkebe wa rangi wa lita 4 ukijaa unakupa karibu kilo 10. Ndoo ya lita 20 ikijaa hukaribia kilo 48, karibu uzito wa mfuko wa saruji. Kijana mwenye bomba na mikebe minne, miwili kila upande, ana karibu kilo 40 mikononi bila kuhesabu bomba, na mwili wake hauna habari kama uzito huo umetoka dukani au umekorogwa kwa koleo na mchanga wa mto Sabaki.

Taabu ya zege ni moja. Haliongezeki kidogo kidogo. Mwenye sahani za dukani huongeza kilo mbili leo, kilo mbili wiki ijayo. Wewe mwenye mikebe, ukishaizoea ile ya lita 4, hatua inayofuata ni ndoo, na kutoka mkebe hadi ndoo ni kuruka bonde. Hapo ndipo lile jambo ninalotaka tulizungumze linapoanza. Kijana anajitwika bomba zito kuliko uwezo wake, anakunja magoti kidogo kama mtu aliyetaka kuketi akaghairi, anasimama, wenzake wanamhesabia. Kumi. Kumi na tano. Halafu anatokea mkubwa wa pale jimu anamwambia, "We, mdogo wangu, hizo unaiba." Kijana ananuna, mwingine anacheka, mazoezi yanaendelea.

Ubishi huo haupo Ganda peke yake. Uko Mtwapa, uko Mombasa, uko kila mahali chuma kinaponyanyuliwa: je, mtu akifanya nusu ya mwendo, amefanya zoezi au amejidanganya? Kwa miaka mingi jibu la walimu wengi wa mazoezi lilikuwa fupi. Mwendo kamili, toka chini mpaka juu, mengine ni mchezo. Mimi leo nasema nusu si wizi. Nusu ni chombo kizuri mno, tena kwa mtu mwenye vifaa vichache kama sisi ni chombo cha thamani. Ila nusu ziko mbili, na vijana wetu wengi wameishika ile isiyowajenga.

Hebu tuelewane hapo kwanza. Kila zoezi lina mahali ambapo msuli unaofanya kazi umevutika, na mahali ambapo umejikunja. Ukichuchumaa na mzigo begani, misuli ya mapaja na ya makalio imevutika ukiwa chini, na ukisimama wima imejikunja. Ukipiga pushapu, misuli ya kifua imevutika kifua kikiwa karibu na ardhi. Ukijivuta kwenye tawi, misuli ya mgongo imevutika ukiwa unaning'inia, mikono imenyooka. Katika mazoezi hayo niliyoyataja pale pa kuvutika ndipo pa chini, basi mimi nitapaita nusu ya chini kwa urahisi wa mazungumzo. Yapo mazoezi ambayo pa kuvutika si pa chini, kwa hiyo usiangalie ardhi iko wapi, uangalie msuli umevutika wapi.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Londrina, kule Brazil, juu ya shavu la mguu. Shavu la mguu ni msuli mkaidi. Waulize wanyanyua vyuma wote, watakwambia mkono hujaa, kifua hujaa, mguu wa chini hubaki vilevile. Watafiti waliwachukua wanawake vijana wakawagawa makundi matatu, wote wakawa wanafanya zoezi lile lile la kunyanyua kisigino, ncha ya mguu ikiwa kwenye ubao wa mashine ya miguu. Kundi la kwanza lilifanya mwendo kamili, kisigino kikishuka kabisa na kupanda mpaka mwisho. La pili lilifanya nusu ya juu tu. La tatu lilifanya nusu ya chini tu, kisigino kikishuka kabisa na kurudi katikati, basi, kinashuka tena. Waliendelea hivyo wiki 8, kisha misuli ikapimwa. Sehemu ya ndani ya shavu la mguu ilikuwa imekua asilimia 3.4 kwa wale wa nusu ya juu. Wa mwendo kamili walipata asilimia 6.7. Wa nusu ya chini walipata asilimia 15.2.

Nirudie, maana kwenye redio tarakimu hupita kama upepo. Waliofanya nusu ya chini walipata zaidi ya mara mbili ya waliofanya mwendo kamili, na zaidi ya mara nne ya waliofanya nusu ya juu. Watu wa umri mmoja, zoezi moja, muda mmoja.

Wala si hao peke yao. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine wa huko huko Brazil walitoa matokeo ya zoezi la kunyoosha goti ukiwa umekaa, lile la kujenga paja la mbele. Walikuwa wanawake wasio na mazoea ya jimu, wakafanya wiki 12. Walionyoosha goti kuanzia lilipokunjika sana hadi katikati, halafu wakarudi, ndio misuli ya mapaja yao iliyokua zaidi, hasa upande wa karibu na goti. Waliofanya kazi ya mwisho tu, kutoka katikati hadi mguu unapokaribia kunyooka, walibaki nyuma.

Kwa nini iwe hivyo? Wanasayansi wangali wanajadiliana, lakini maelezo yanayotajwa sana ni haya. Ndani ya msuli mna nyuzi ndogo ndogo zinazoshikana na kuvutana, hizo ndizo zinazotoa nguvu mtu anapokaza mwili. Humo humo mna nyuzi nyingine, za protini iitwayo titini, ambazo kazi yake ni kama ile ya mpira wa manati: zikilegea hazina neno, zikivutwa zinakaza zenyewe. Msuli ukiwa umejikunja, mzigo unabebwa na zile za kwanza tu. Msuli ukiwa umevutika na bado unafanya kazi, mzigo unazikaza zote mbili, na mkazo huo ndio unaoupa mwili habari kwamba hapa panahitaji kuongezwa nyama. Ule ugumu unaousikia pale chini, pale unapotamani kusimama haraka uondokane na balaa, ndio hasa ulioufuata jimu.

Sasa utaona kwa nini nusu ya juu inawahadaa vijana. Ukiwa chini kabisa, paja limelala sambamba na ardhi, goti na nyonga vimekuwa mbali na mstari unaopitia mzigo, na umbali huo ndio unaouzidisha uzito. Kadiri unavyosimama, mifupa inajipanga chini ya mzigo na kazi inapungua. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuchuchumaa na kilo 60 akasimama anaweza kukunja magoti kidogo na kilo 100 na wenzake wakampigia makofi. Kilo ni nyingi kweli. Lakini sehemu kubwa ya kilo hizo imesimamiwa na mifupa. Kule Denmark, katika utafiti uliotoka mwaka 2013, vijana wa kiume walifanya mazoezi ya kuchuchumaa na uzito kwa wiki 12, kundi moja likishuka sana, jingine likishuka kidogo. Walioshuka sana walijenga paja la mbele karibu lote. Walioshuka kidogo paja lao lilinenepa kidogo tu, tena upande wa juu. Nguvu waliipata, lakini waliipata pale pale walipoizoelea. Walipotakiwa kushuka chini, faida yao ilikuwa ndogo.

Hilo la mwisho nataka tulikalie kidogo, maana linamwokoa yule kijana wa nusu ya juu asije akatupwa kabisa. Mwili hujifunza nguvu kwa pembe. Ukiizoeza pembe fulani ya goti au kiwiko, nguvu huongezeka zaidi katika pembe hiyo na zile zilizo jirani yake. Na sisi watu wa Ganda tunalijua hili kwa kazi zetu, ingawa hatukulipa jina. Angalia kibarua anayepakua saruji kwenye lori. Mfuko wa kilo 50 unamngoja kwenye ubao wa gari, kimo cha kifua chake. Yeye anainama kidogo, anaingiza bega, anausimamisha mwili, anakwenda. Hachuchumai hata mara moja. Kazi yake yote iko nusu ya juu, na ukimpambanisha na mtu wa jimu katika mwendo ule atamshinda asubuhi na jioni. Angalia anayepanga mawe timboni, anayejitwika mtungi wa lita 20, hizo ni kilo 20 za maji kabla hujahesabu mtungi. Kila mmoja ana kipande chake cha mwendo, na mwili wake umekijenga kipande hicho.

Halafu mwangalie mgema. Huyu mimi humtazama kwa hamu kila nipatapo nafasi. Mnazi umekatwa ngazi kwenye shina, vipago vidogo visivyotosha hata nusu ya wayo. Mgema anaweka ncha ya mguu kwenye kipago, kisigino kinaning'inia hewani, mwili wote unaegemea mguu ule mmoja, kisha anajisukuma kwenda kipago kinachofuata. Kisigino kinashuka, shavu la mguu linavutika, linakaza, linamnyanyua. Mnazi mmoja, wa pili, wa kumi, asubuhi na tena jioni. Sasa rudi uufikirie ule utafiti wa Londrina, mwanamke kijana akiwa na ncha ya mguu kwenye ubao wa mashine, kisigino kinashuka mpaka shavu livutike. Kazi ya shavu ni ile ile. Mtazame mguu wa mgema yeyote wa Ganda aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana, hutahitaji tena kupima kwa mashine.

Basi nusu ya juu ina mahali pake: kama kazi yako inataka nguvu ya kusimama na mzigo mzito, izoeze. Mmarekani mmoja, Paul Anderson, alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Toccoa, jimbo la Georgia, na mwaka 1956 akapata dhahabu ya Olimpiki ya Melbourne katika uzito wa juu. Vifaa vyake vya nyumbani vilikuwa ndugu wa vyetu: magurudumu na ekseli za magari, mapipa yaliyojazwa zege na vyuma chakavu. Alichimba shimo uani, akasimama ndani ya shimo, mzigo umelazwa kwenye kingo juu yake. Shimo likiwa na kina, alihitaji kukunja magoti kidogo tu ili aingie chini ya mzigo na kuunyanyua. Halafu akawa anarudisha udongo. Koleo chache leo, koleo chache siku nyingine. Sakafu ya shimo ikapanda, mzigo ukabaki pale pale, na yeye akalazimika kukunja magoti zaidi kuuingia. Hakuongeza uzito. Aliongeza mwendo, mpaka mzigo aliouanza kwa robo akawa anauweza kwa ukamilifu zaidi.

Naomba uishike hiyo, wewe mwenye ndoo ya zege usiyoiweza. Ukianza na robo ya juu, sawa, anza. Lakini kila wiki shuka zaidi. Ukiwa bado pale pale baada ya miezi, mkubwa wa jimu ana haki ya kukusema.

Sasa nisije nikawavuta upande mmoja mkaanguka. Tafiti za Brazil nilizozitaja zilifanywa kwa watu wasio na mazoea, na kwa msuli mmoja mmoja. Mwaka 2025 Milo Wolf na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliokwisha zoea jimu, wakifanya mazoezi ya sehemu ya juu ya mwili kwa wiki 8. Mkono mmoja ulifanya nusu ya kuvutika, mwingine ukafanya mwendo kamili. Misuli ilikua karibu sawasawa, na nguvu vilevile. Kwa hiyo anayekwambia uache mwendo kamili kabisa anakuuzia kitu. Hukumu yangu mimi ni hii: mwendo kamili ubaki kuwa chakula cha kila siku, nusu ya chini iwe nyongeza kwa mambo mawili. Kwanza, pale uzito wako ni mdogo na huna wa kuuongezea. Pili, pale umeshachoka mwendo kamili lakini msuli bado una kitu ndani yake.

Nieleze kwa shavu la mguu, kwa kuwa ndipo ushahidi ulipo na nguvu na vifaa ni bure. Chukua jiwe la timboni, lile la kujengea, uliweke karibu na mwembe lisiyumbe. Simama juu yake kwa ncha za miguu, mkono mmoja umeshika shina, mkono mwingine una mtungi wa maji. Mtungi ukiwa nusu ni kilo 10, unatosha kuanzia. Shusha visigino taratibu, uhesabu moja mpaka tatu, mpaka usikie shavu limevutika hasa. Tulia hapo kidogo. Usidunde, kudunda kunaweza kuumiza kano ya kisigino. Panda mpaka juu. Endelea hivyo mpaka mahali ambapo huwezi tena kufika juu. Hapo ndipo watu wengi huteremka wakakaa. Wewe usiteremke. Kushuka bado unaweza, na kurudi katikati bado unaweza. Basi fanya nusu ya chini, nne, tano, sita, mpaka hata hiyo ikatae. Hizo za mwisho zina thamani kubwa sana, na hakuna hata kilo moja uliyoinunua.

Pushapu nayo hivyo hivyo. Weka mawe mawili, mkono huku mkono huku, kifua kipite kati yake na kishuke chini ya usawa wa viganja. Ukichoka kwenda juu, fanya nusu ya chini. Na wewe ambaye hujaweza kujivuta kwenye tawi hata mara moja, usijidharau ukaacha. Ning'inia. Jivute kadiri viwiko vinavyokubali kukunjika, hata kama ni kidogo, kisha shuka polepole. Hiyo ni nusu ya chini, na inakujenga leo leo, huku ukingoja siku kidevu kitakapovuka tawi.

Ila kuna maumivu. Mazoezi ya msuli uliovutika huacha mwili umechoka kuliko yale uliyoyazoea, na siku ya pili utashuka kitandani kwa kupiga hesabu. Wiki ya kwanza punguza uzito, hata nusu. Maumivu ya msuli yanayokuja kesho yake na kuisha siku tatu hayana neno. Maumivu makali ndani ya goti, ndani ya bega, yanayokuja papo hapo, hayo si ya kuvumilia kiume. Acha. Na tafadhali, vijana wangu, lile bomba lisilo na kizuizi mwisho wake: mkebe mmoja ukiteleza, upande wa pili unapinduka wote. Lifungeni kwa waya au kwa boliti. Asilale mtu kwenye benchi peke yake bila mwenzake kichwani. Zege lililopasuka lisirudishwe begani mwa mtu.

Nikiwa hapo kwenye benchi, nimtaje Hellen Wawira Kariuki, Mkenya mwenzetu, aliyeleta shaba ya kunyanyua uzito kwa watu wenye ulemavu kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, mwaka 2022. Katika mchezo wake unalala chali, unalishusha bomba mpaka kifuani, na sharti litulie pale kabisa kabla hujalisukuma. Likidunda, hukumu ni taa nyekundu. Yaani mchezo huamuliwa sana pale chini, pale vijana wetu wanapopakimbia kwa kulishusha bomba nusu na kulirudisha. Anayetaka kumfuata Hellen, na natumaini wako hata huku Kilifi, ajue kazi yake iko wapi.

Sasa zamu ya wazee na akina mama niliyoahidi. Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole akishavuka ujana, na inayoonyesha upungufu mapema ni ya mapaja. Ishara yake huioni jimu, unaiona jikoni. Mama aliyekuna nazi miaka yote akiwa ameketi kwenye mbuzi, siku moja anagundua kwamba kuketi ni rahisi, kuinuka ndiyo kazi. Anashika ukuta. Baadaye anamwita mjukuu ampe mkono. Baadaye anaiacha mbuzi kabisa, anasema magoti yamekataa, na mara nyingi ukichunguza yaliyokataa si magoti peke yake, ni misuli inayoyashikilia. Mbuzi iko chini sana, na pale chini ndipo msuli ulipovutika zaidi na nguvu zilipopotea.

Njia ya kuzirudisha ni ile ile ya Paul Anderson na shimo lake. Anza juu. Keti ukingoni mwa kitanda kirefu, mikono kifuani, inuka bila kushika kitu, keti tena polepole bila kujitupa. Mara nane, mara kumi, upumzike, urudie. Hiyo ni nusu, tena ni robo, na haina aibu yoyote. Ikiwa nyepesi, hamia kiti cha kawaida. Kiti kikiwa chepesi, weka kigoda na mto juu yake. Siku nyingine toa mto. Kila unaposhuka kimo, mwili unapata kipande kipya cha mwendo ambacho ulikuwa umekipoteza. Mwenye goti lililofanyiwa upasuaji, au aliyevunjika, afuate kipande alichoruhusiwa na daktari au mtaalamu wa viungo, asizidishe kwa pupa. Hao wataalamu hutumia mwendo nusu kila siku ya kazi, na hakuna anayewaambia wanaiba.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 na kuendelea wafanye ya nguvu pamoja na ya kujisimamia wasianguke, siku 3 au zaidi. Nimesikia watu wakisema, sisi tunalima, tunateka maji, tunatembea, mazoezi ya nini? Kazi ni mazoezi, kweli kabisa. Lakini kazi, kama tulivyoona kwa mpakuzi wa saruji, hukijenga kipande chake kimoja na kukiacha kingine kidhoofike. Mama anayejitwika mtungi kila siku ana shingo na mgongo wa chuma, na bado anaweza kushindwa kuinuka kwenye mbuzi.

Chakula nacho, kwa kifupi. Msuli haujengwi kwa ugali mtupu. Kunde, pojo, maharagwe, dagaa, samaki, yai, chochote kati ya hivyo kiwepo kila siku. Unga wa protini wa makopo wanaouziwa vijana kwa bei ya kutisha haumpi mtu kitu ambacho sahani ya pojo na samaki haiwezi kumpa.

Mwenye shinikizo la damu asikie hili kwa makini. Usibane pumzi unaposukuma. Pumzi ikibanwa na mwili umekazwa, shinikizo hupanda ghafla sana. Toa pumzi unapopanda, ivute unaposhuka. Na kama hujawahi kupimwa, au ulipimwa ukaambiwa liko juu, pita zahanati iliyo karibu nawe au hospitali ya Malindi upimwe kabla hujagusa mkebe wowote.

Wenye jimu za Ganda, nina ombi kwenu. Viwanja vyenu vinajaa jioni, lakini asubuhi viko tupu, vinafagiliwa na upepo. Chagueni siku mbili katika wiki, asubuhi kabla jua halijachoma, muwatengee akina mama na wazee wa mtaa. Hawatahitaji mabomba yenu. Wekeni benchi, kiti, kigoda, na jiwe moja la kusimamia chini ya mwembe. Mmoja wenu aliyeelewa maneno haya awepo awaonyeshe, na kila mmoja aanzie pale mwili wake unapokubali.